Muda, Muhula na Ukomo: Jinsi Siku Zinavyohesabiwa katika Kesi ya Bima ya Mfanyabiashara wa Butembo na Beni

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa Butembo na Beni hulifahamu wakiwa wamekwisha kuchelewa, yaani kwamba katika kesi ya bima mtu aweza kushindwa kabla hakimu hajauliza kama ghala liliungua kweli au la. Swali la moto huja baadaye. Swali la kwanza ni kama mdai amefika mahakamani ndani ya siku alizopewa na sheria na mkataba. Akiwa amepitisha siku hizo, haki yake hata ikiwa wazi kama mchana haitamfaa kitu.

Sisi si wanasheria, na hatukusudii kuchukua nafasi ya wakili. Kilichotuingiza katika mada hii ni lugha. Sheria za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa. Hati za bima kadhalika. Lakini mwenye ghala huelezwa yaliyomo kwa Kiswahili, na mara nyingi anayemweleza ni mtoto wake aliyesoma, karani wa dukani, au mwalimu jirani. Katika safari hiyo ya kutoka lugha moja hadi nyingine, mambo manne yaliyo tofauti kabisa hupewa jina moja tu: «muda».

Kisa kilichotusukuma kuandika ni chetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita jamaa yetu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Butembo, alituletea hati yake ya bima ili tumfasirie. Ghala lake lilikuwa limeungua. Hati ilisema kwamba madai yote yanayotokana na mkataba hufa baada ya miaka miwili tangu «événement» iliyoyazaa. Tukaandika: «miaka miwili tangu tukio». Tafsiri hiyo haikuwa na kosa lolote katika kamusi, na ndiyo iliyomponza. Kwake yeye, tukio lilikuwa siku kampuni ya bima ilipomwandikia kwamba haitalipa. Kwani mpaka siku hiyo alikuwa akipokewa kwa heshima na kuambiwa arudi juma lijalo. Kumbe tukio, kwa maana ya mkataba, lilikuwa moto wenyewe. Alipofungua kesi ulikuwa mwezi wa 26 tangu ghala kuungua. Wakili wa kampuni hakubisha kwamba mali iliteketea. Alisimama, akahesabu miezi, akaketi. Mdai akarudi nyumbani bila fidia, na gharama za kesi juu yake.

Hatukumuuliza jamaa yetu alielewa tukio lipi. Makala haya ni swali hilo, limeulizwa kwa kuchelewa.

2. Maneno tuliyo nayo

Kabla ya kuingia katika sheria, yafaa tuyatazame maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, maana si haba.

Neno «muda» lina asili ya Kiarabu, na hutaja kipande cha wakati bila kusema kinaanzia wapi wala kinaishia wapi. Ndiyo maana linatumika kila mahali, na ndiyo maana halitoshi mahakamani. «Muhula», ambalo nalo ni la Kiarabu, ni wakati uliotolewa na mtu au mamlaka ili jambo litendeke: mwenye deni hupewa muhula, shule ina mihula yake. Ndani ya muhula mna anayetoa na anayepewa. «Miadi» ni wakati uliokubaliwa na pande mbili. Na «ukomo», lililoundwa kutoka kitenzi «koma», ni mwisho ambao baada yake hakuna kuendelea.

Tena kuna neno «ajali», ambalo kila mwenye bima analijua. Katika Kiarabu asili yake ni siku iliyopangwa, muda uliokadiriwa ambao haupitiki, hasa ule wa uhai wa mtu. Waswahili waliipokea maana hiyo ya ajali kama siku ya mtu iliyoandikwa, kisha ikapanuka hadi kuwa msiba unaotokea ghafla. Hivyo neno tunalotumia kutaja balaa limebeba ndani yake wazo la siku zilizohesabiwa. Katika bima mambo mawili hayo hukutana tena: siku ajali inapotokea, ndiyo siku hesabu inapoanza.

Neno «bima» lenyewe limetujia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara ya pwani. Huku kwetu wengi husema «asiransi», na miaka mingi wamezoea kusema tu «sonasi», kwa sababu tutakayoieleza sasa.

3. Bima nchini Kongo kwa ufupi

Shirika la bima la taifa, SONAS, liliundwa mwezi Novemba 1966, likapewa peke yake haki ya kuuza bima nchini kote. Kwa karibu nusu karne mtu hakuwa na pengine pa kwenda. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 iliyolazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine ilizidi kulifanya jina la shirika liwe jina la kitu chenyewe.

Hali hiyo ilibadilishwa na Sheria Na. 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 inayohusu kanuni ya bima. Sheria hiyo ilifuta ukiritimba, ikaanzisha mamlaka ya kusimamia soko la bima iitwayo ARCA, na mwaka 2019 makampuni binafsi ya kwanza yakapewa vibali. Kwa mfanyabiashara anayeingiza bidhaa kwa njia ya Mombasa, Kampala na Kasindi, mabadiliko haya yalileta hati mpya, makampuni mapya, na vifungu vipya vya kusoma. Zamani mtu alijua mlango mmoja na desturi zake; sasa kila hati ina masharti yake, na masharti ya siku ni miongoni mwa yale yanayoandikwa kwa herufi ndogo.

4. Muda wa aina nne

4.1 Muda wa taarifa

Muda wa kwanza ni ule wa kuijulisha kampuni kwamba hasara imetokea. Huanza mara mwenye bima anapopata habari ya hasara, nao ni mfupi sana. Katika kanuni ya CIMA, ambayo ni mkataba wa nchi kadhaa za Afrika uliotiwa sahihi mjini Yaoundé tarehe 10 Julai 1992, hati ya bima haiwezi kuweka muda wa taarifa ulio chini ya siku 5 za kazi, isipokuwa kwa wizi na vifo vya mifugo, ambapo mtu aweza kubanwa hadi saa 48. Kongo haikujiunga na mkataba huo, bali ilitunga kanuni yake. Lakini tunautaja kwa kuwa kanuni hizi ni za ukoo mmoja, wenye asili ya Kifaransa, na mtindo wa hati zake unafanana.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba kampuni imekwisha kujua kwa kuwa mji mzima umejua. Moto wa sokoni huonekana na wote, na redio huutangaza. Lakini kuonekana si kutaarifiwa. Taarifa ni maandishi, yenye tarehe, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ikabaki mkononi mwa mwenye mali. Kwenda ofisini kusema kwa mdomo ni adabu nzuri, si taarifa.

4.2 Ukomo wa haki ya kudai

Muda wa pili ndio uliomwangusha jamaa yetu. Huu ni muda ambao ukipita, haki ya kudai mbele ya mahakama hufa. Kifaransa huuita «prescription». Hapa mfanyabiashara hukuta namba nyingi, kila moja ikiwa kweli mahali pake.

Namba ya kwanza ni 30. Kifungu cha 647 cha kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia ya Kongo, yaani dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema kwamba madai yote hufa baada ya miaka 30. Wengi wameisikia namba hii katika kesi za mashamba, wakailala usingizi.

Namba ya pili ni 5. Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA mwaka 2012. Kwa mujibu wa kifungu cha 16 cha sheria yake ya jumla ya biashara, iliyopitishwa mjini Lomé tarehe 15 Desemba 2010, wajibu baina ya wafanyabiashara kutokana na biashara yao hufa baada ya miaka 5, pasipo kuwepo muda mfupi zaidi.

Namba ya tatu ni 2. Ufaransa iliiweka katika sheria yake ya bima ya tarehe 13 Julai 1930. Kanuni ya CIMA nayo imeishika kwa bima nyingi za mali. Na ndiyo iliyokuwa katika hati tuliyoifasiri.

Namba ipi humshinda mwenzake? Kanuni ya wanasheria ni kwamba sheria mahususi huitangulia sheria ya jumla. Palipo na muda uliowekwa kwa ajili ya bima, miaka 30 ya kanuni ya kiraia haina nguvu, na miaka 5 ya biashara yenyewe imekwisha kusema kwamba huupisha muda ulio mfupi zaidi. Kwa hiyo mwenye hati ya bima asihesabu kwa namba aliyoisikia katika kesi ya shamba la mjomba wake. Afungue hati, aombe aonyeshwe kifungu cha ukomo, akisome kwa lugha yake, na aulize maswali mawili: ni miaka mingapi, na inaanza siku gani.

Swali la pili ndilo zito. Kwa kawaida hesabu huanza siku hasara ilipotokea. Na katika sheria za ukoo tulioutaja, mwenye bima ambaye hakujua kwamba hasara imetokea huhesabiwa tangu siku alipojua, mradi athibitishe kwamba kweli hakujua. Barua ya kampuni ya kukataa kulipa haianzishi hesabu mpya.

Basi ni kitu gani huikata hesabu hiyo na kuifanya ianze tena mwanzo? Sheria za ukoo huo zinataja mambo machache: hati ya kumwita mdaiwa mahakamani, uteuzi wa mtaalamu wa kukadiria hasara, na barua ya kudai malipo iliyo na uthibitisho wa kupokelewa. Mazungumzo hayamo. Chai iliyonyweka ofisini haimo. «Tunalishughulikia» haimo. Hapa ndipo heshima yetu ya kusubiri, ambayo katika ujirani ni sifa, hugeuka mtego katika mkataba. Mtu hasiti kumpeleka mahakamani mwenzake anayemtukana. Husita kumpeleka yule anayempa kiti. Naye anayetoa kiti pengine hana nia mbaya. Lakini kalenda haiangalii nia.

4.3 Muda wa wito

Muda wa tatu huanza kesi inapofunguliwa. Dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, ambayo ndiyo kanuni ya mwenendo wa kesi za kiraia nchini Kongo, inataka zipite siku 8 baina ya siku mdaiwa anapokabidhiwa wito na siku ya kusimama mbele ya hakimu. Siku hizo zinaitwa kwa Kifaransa «jours francs». Tena huongezwa siku 1 kwa kila kilomita 100 za umbali. Mtu asiyekuwa na makazi nchini hupewa miezi 3. Palipo na haraka, hakimu aweza kuruhusu muda ufupishwe, lakini kwa ombi na kwa amri yake.

Muda huu unamlinda mdaiwa, si mdai. Mfanyabiashara wa Beni anayeishtaki kampuni iliyo na makao yake Kinshasa, mji ulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwake, na wito ukapelekwa huko, lazima aongeze siku zisizopungua 15 juu ya zile 8. Akiharakisha akaweka tarehe ya karibu mno, kampuni yaweza kulalamika kwamba haikupewa nafasi ya kujitetea. Kanuni hiyo hiyo inasema kwamba kasoro ya hati haiibatilishi hati isipokuwa imemdhuru upande wa pili. Lakini kukosa siku za kujitetea ndiyo mfano wa wazi wa kudhurika. Wito ukibatilika wakati ukomo wa miaka miwili umekwisha kupita, mdai hana nafasi ya kuanza upya. Hivi ndivyo muda wa pili na wa tatu unavyoweza kumbana mtu mmoja pande mbili: huku akichelewa, kule akiharakisha.

4.4 Muda baada ya hukumu

Muda wa nne huanza hukumu inapotolewa na kukabidhiwa. Kama mdaiwa hakufika, hukumu ikatolewa bila yeye, ana siku 15 za kuweka pingamizi tangu siku iliyofuata ile aliyokabidhiwa hukumu hiyo mkononi, pamoja na siku 1 kwa kila kilomita 100. Kama pande zote zilisikilizwa, muda wa kukata rufani ni siku 30 tangu hukumu kukabidhiwa. Na kwa hukumu iliyotolewa bila mtu kuwepo, siku 30 hizo huanza pale pingamizi lisipoweza kupokelewa tena. Anayetaka kufika Mahakama ya Kasasyo mjini Kinshasa ana miezi 3 tangu kukabidhiwa hukumu, kwa mujibu wa sheria ya tarehe 19 Februari 2013.

Msomaji aangalie kitenzi «kukabidhiwa». Siku hazihesabiwi tangu hakimu aliposoma hukumu, bali tangu mpeleka hati wa mahakama, yule tunayemwita «huisye», alipoifikisha. Kwa hiyo aliyeshinda na hajaikabidhi hukumu kwa mwenzake asidhani kwamba siku za mwenzake zinakwisha, hazijaanza. Na aliyeshindwa asiiache karatasi ya huisye juu ya kabati eti «mambo yenyewe tulishayasikia». Karatasi hiyo ndiyo saa.

5. Namna ya kuhesabu

Sheria inasema kwamba siku ya kitendo kinachoanzisha muda haihesabiwi, na kwamba siku ya mwisho imo katika muda; ikiwa siku hiyo ya mwisho ni ya mapumziko ya kisheria, muda husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Wazee wa pwani walipohesabu siku zijazo walisema kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Leo haimo katika hesabu hiyo. Siku ya kwanza ni kesho. Mwenye kushika desturi hiyo tayari ameshika nusu ya kanuni.

Tuchukue hukumu iliyokabidhiwa tarehe 31 Mei. Siku ya kwanza ni tarehe 1 Juni, na siku ya 30 ni tarehe 30 Juni. Lakini tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Kongo. Basi rufani yaweza kupokelewa bado tarehe 1 Julai, ikiwa ni siku ya kazi. Tarehe ya kufuata mlango umefungwa.

«Jours francs» ni hesabu nyingine. Hapa siku ya kwanza haimo, na siku ya mwisho pia haimo. Lazima siku zote zilizotajwa zikae katikati, nzima nzima. Wito ukikabidhiwa tarehe 3 Machi, siku 8 ni kuanzia tarehe 4 hadi 11, na kesi haiwezi kusikilizwa kabla ya tarehe 12. Ikiwa umbali ni kilomita 300, huongezwa siku 3, nayo tarehe ya mapema kabisa inakuwa 15 Machi.

Hapa ndipo mfasiri huteleza kwa urahisi. Katika Kifaransa cha kila siku, «siku nane» ni namna ya kusema juma moja, na «siku kumi na tano» ni namna ya kusema majuma mawili. Mwenye kuzoea hivyo husoma wito akamwambia mzee, «Ni wiki moja». Lakini juma la Kiswahili lina siku 7, na majuma mawili ni siku 14. Sheria haikusema juma. Ilisema 8, na ikasema 15. Ushauri wetu kwa wafasiri ni mwepesi: palipo na namba, iandikwe namba. Na baada ya kuihesabu, iandikwe tarehe ya mwisho yenyewe, kwa kalenda, mbele ya mwenye kesi.

6. Kilomita mia na barabara

Kanuni ya siku 1 kwa kilomita 100 iliandikwa mwaka 1960 na watu walioifikiria barabara inayopitika. Ilikuwa kanuni ya huruma: aliye mbali apewe nafasi ya kufika. Kati ya Butembo na Beni, ambako ni kilomita zipatazo 54, haileti shida. Lakini Mahakama ya Rufani ya mkoa ilikuwa Goma, na Goma iko kilomita zipatazo 300 kusini mwa Butembo. Kwa hesabu ya vitabu huo ni mwendo wa siku 3.

Kwa hesabu ya watu, mambo yalikuwa mengine. Mwezi Juni 2024 mji wa Kanyabayonga, ambao barabara ya Goma hupitia, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mwezi Januari 2025 Goma yenyewe ilitekwa, na makao ya serikali ya mkoa yakahamishiwa Beni kwa muda. Aliyekuwa na hukumu mkononi na siku 30 za kukata rufani alijikuta na barabara ambayo hakuna kilomita za kuihesabu. Upande wa mashariki, malori yameshambuliwa na kuchomwa mara nyingi katika barabara ya Beni na Kasindi, na bidhaa zilizowekewa bima zikaishia njiani pamoja na hati zake.

Je, sheria haimtambui mtu aliyezuiwa? Humtambua. Kanuni ya kale, iliyorithiwa kutoka Warumi, husema kwamba muda haumpiti asiyeweza kutenda. Wanasheria wa Kifaransa huuita uzito huo «force majeure». Sisi twaweza kuuita kizuizi kisichoepukika. Lakini kizuizi hicho hakijitetei chenyewe. Anayekidai lazima aonyeshe kilianza lini, kilimzuia vipi yeye hasa, kilikwisha lini, na kwamba mara kilipoondoka alitenda bila kukawia. Kusema «kulikuwa na vita» hakutoshi, kwa kuwa vita vilikuwepo kwa wote, na wengine walituma mawakili au barua. Kinachosaidia ni ushahidi mdogo mdogo wa siku ile ile: barua iliyotumwa na kurudi, cheti cha mamlaka ya eneo, maandishi ya huisye aliyeshindwa kufika.

Tena kuna hatari ya pili, ambayo si ya siku bali huja pamoja nazo. Hati nyingi za bima huondoa katika ulinzi wake hasara itokanayo na vita na ghasia, isipokuwa mtu ameinunua kwa ada ya ziada. Aliyechomewa lori njiani huweza kusubiri miezi akibishana kama waliolichoma ni wanajeshi, waasi au majambazi, na ubishi huo ukamlia siku zake za ukomo. Afungue kesi kwanza ndani ya muda. Ubishi utaendelea mbele ya hakimu.

7. Istilahi tunazopendekeza

Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na wanasheria wa huko wana istilahi zilizokomaa kama «mdai», «mdaiwa», «wito», «rufani» na «ukomo wa muda». Hatuna sababu ya kuzikataa. Lakini zimekulia katika sheria yenye asili ya Kiingereza, ambamo kwa mfano madai ya mkataba hudumu miaka 6, na hazina jina kwa kila kitu kilichomo katika sheria yetu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanaoeleza kesi za bima kwa Kiswahili huku Kivu wasiseme tena «muda» peke yake, bali waseme hivi:

Muda wa taarifa: siku za kuijulisha kampuni kwa maandishi kwamba hasara imetokea.

Ukomo wa haki: miaka ambayo ikipita, haki ya kudai hufa. Kila mara kitajwe na chanzo chake, yaani siku ya hasara, na hasara yenyewe itajwe kwa jina: moto, wizi, kuzama, kugongana. Neno «tukio» lisitumike peke yake.

Muhula wa wito: siku ambazo mdaiwa hupewa ili ajiandae. Tunaliita muhula kwa sababu lina mtoaji na mpewaji.

Muda wa pingamizi na muda wa rufani: siku 15 na siku 30 baada ya kukabidhiwa hukumu.

Siku za kati: jina letu kwa «jours francs». Tuliwahi kufikiria «siku huru», ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno, lakini aliyeisikia alidhani ni siku za mapumziko. «Siku za kati» humwambia msikilizaji mara moja kwamba ncha zote mbili hazimo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba katika kesi ya bima muda si mmoja bali ni wa aina nne, kila mmoja ukiwa na mwanzo wake, mwisho wake, na mtu unayembana. Tumeona kwamba namba kubwa aliyoisikia mtu katika kesi nyingine yaweza kumlaza usingizi, na kwamba mazungumzo mema na kampuni hayasimamishi hesabu. Tumeona pia kwamba kosa laweza kuanzia kwa mfasiri aliye mwaminifu, asiyekosea neno hata moja.

Katika miji hii yetu, ambayo biashara yake imejengwa kwa akiba ya familia zaidi ya mikopo ya benki, ghala moja likiungua bila fidia si hasara ya mtu mmoja. Ni karo za watoto kadhaa, ni mtaji wa ndugu waliochanga, ni mkopo uliochukuliwa kwa neno la heshima. Basi anayeombwa kufasiri hati ya bima asione kwamba ameombwa kazi ndogo. Achukue kalenda, aweke kidole juu ya siku ya hasara, ahesabu mbele ya mwenye mali mpaka siku ya mwisho, na aiandike tarehe hiyo kwa wino mwekundu juu ya jalada la hati. Sisi hatukufanya hivyo siku ile tulipoombwa. Jamaa yetu bado anatuita mwalimu.